Kruza ya gia moja: angalia habu kwanza, rangi baadaye

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka aondoke nayo. Hii baiskeli ni tamu kuendesha, fremu iko poa, kiti kinabembeleza, ila inavyotoka kiwandani imefungwa harakaharaka na gia yake ni nzito kuliko inavyotakiwa, kwahiyo ukiinunua jua umenunua fremu na magurudumu, mengine utamalizia mwenyewe au fundi wako. Ilivyo dukani naipa nyota tatu, ikishashikwa vizuri inafika nne na nusu. Jina la kampuni siliweki manake hizi bichi kruza za gia moja, za bei ya chini mpaka ya kati, nyingi zinafanana vipimo kwa kila kitu, rangi na stika ndo zinatofautiana, so hata kama unaangalia ya jina lingine haya yatakuhusu.

Ni baiskeli ya aina gani? Tairi nene za 26 kwa 2.125, usukani mpana uliorudi nyuma mpaka mikono inakaa karibu na mapaja, kiti kipana chenye springi, hakuna nyaya, hakuna breki ya mkono, ukitaka kusimama unakanyaga pedeli kurudi nyuma. Basi. Na hapo ndo utamu wake ulipo, ukiitazama unaona hakuna cha kuharibika. Mgongo umenyooka, macho yako mbele na si kwenye tairi, mikono haina uzito wowote. Kwa mtu wa sehemu tambarare anayezunguka taratibu, anayekwenda dukani na kurudi, anayetaka kupunga upepo jioni, sijaona baiskeli inayoizidi.

Lile umbo lake la mabomba yaliyopinda ni la zamani sana. Schwinn, kampuni ya Chicago iliyoanza 1895, ndo walioleta tairi nene za namna hii kwenye baiskeli za Marekani mwaka 1933, kipindi uchumi umeanguka na watu hawanunui, wakatengeneza baiskeli inayofanana na pikipiki, zingine mpaka zikapewa tangi la bandia katikati. Tairi zilikuwa 2.125 vilevile kama za leo! Na zilikuwa ngumu kweli, manake miaka ya 70 vijana wa Marin kule California wakazichukua hizohizo kuukuu wakawa wanashuka nazo milimani kwa kasi, na huko ndo baiskeli ya mlimani ilikozaliwa. Kuna njia moja walikuwa wanashindania, wakaiita Repack, kwasababu ukifika chini breki ya nyuma imechemka mpaka grisi imeungua imetoka moshi, inabidi ufungue habu (kile kitovu cha gurudumu, breki hii iko ndani yake) upake nyingine. Hii stori usiisahau, tutaihitaji tukifika kwenye breki.

Sasa gia, manake hapa ndo malalamiko yangu makubwa yalipo.

Kruza nyingi zinakuja na meno 44 mbele na 18 nyuma. Piga hesabu, 44 gawanya kwa 18 ni kama 2.44, maana yake kila ukizungusha pedeli raundi moja gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu, na kwa tairi ya size hii unasogea kama mita 5 hivi. Kwenye lami kavu bila upepo, sawa, ukizungusha raundi 60 kwa dakika unaenda kama kilomita 18 kwa saa. Lakini umekaa wima kama tanga! Upepo wa mbele ukija unakupiga kifua kizima, na kwenye kiti cha namna hii huwezi kuinama, wala kusimama kwenye pedeli si rahisi manake usukani unakugonga magoti. Kwahiyo kale kamwinuko kadogo ambako kwenye baiskeli nyingine hata hukaoni, hapa mapaja yanaungua.

Dawa yake ni kitu kidogo kuliko vyote kwenye baiskeli nzima: sproketi ya nyuma, kile kiduara chenye meno kinachovutwa na cheni. Toa ya 18 weka ya 22. Sasa 44 kwa 22 ni mbili kamili, kila raundi unasogea kama mita 4 na kidogo, kasi ya kawaida inashuka mpaka kama kilomita 15 kwa saa, na nani ana haraka kwenye kruza jamani. Kwenye habu nyingi za breki ya kukanyaga hiyo sproketi haifungwi kwa uzi, imekaa kwenye vipengo vitatu imebanwa na kapete kembamba ka chuma, unakachokoa na bisibisi bapa (vaa miwani au geuza uso, kakichomoka kanaruka), unavuta sproketi, unaweka nyingine, unarudisha kapete mpaka kalie. Angalia upande sproketi iliyopinda inakoelekea, ukiigeuza cheni haitanyooka. Meno manne zaidi yanakula cheni kiasi kwamba gurudumu linasogea mbele kama nusu inchi, kama mfereji wa ekseli (kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu) kule nyuma una nafasi hiyo basi hata cheni huiongezi, kama hauna ongeza kipande kimoja. Sijaona badiliko lingine kwenye baiskeli yoyote linalotoa tofauti kubwa hivi kwa kitu kidogo hivi. Niliitoa hii baiskeli nikiwa nimeanza kuichukia, nikairudisha barabarani nikaona kama nimepewa nyingine.

Kama kwako kuna vilima vya kweli, usihangaike na sproketi, chukua yenye gia tatu za ndani ya habu. Zinabadilika hata ukiwa umesimama na cheni inabaki moja imenyooka. Za gia saba zenye mashine ya kurusha cheni mi sizipendi kwenye kruza, hasa za pwani, ile mashine ikishakula mchanga ni kelele tupu.

Tuje kwenye habu. Nilivyoifungua boksi kitu cha kwanza niligeuza baiskeli juu chini nikashika ekseli ya nyuma kwa vidole nikaizungusha. Inakwaruza. Unaisikia kwenye vidole kabisa, kama kuna punje ndani. Watu wengi hapa wanadhani ni mchanga au gololi mbovu, wala, ni koni, zile nati zinazobana gololi kwenye ekseli, zimekazwa kupita kiasi kiwandani, na ndani grisi imepakwa kidogo kama wanaionea huruma. Ukiendesha hivyohivyo itaenda, inaenda hata miezi, ila gololi zinachimba njia kwenye koni na siku ukija kukarabati huna cha kukarabati. Unalegeza nati ya nje, unarudisha koni kidogo kidogo mpaka ekseli inazunguka laini na ukilitikisa gurudumu kule kwenye rimu unasikia mchezo mdogo sana, alafu unakaza nati huku umeshikilia koni na spana nyembamba. Spana nene haiingii, usijaribu na plaizi utaila koni.

Na ukiwa umeshafungua malizia kazi, jaza grisi. Si ya kupaka mlango, grisi inayovumilia joto, manake breki iko humohumo ndani, vile viatu vya breki vinasugua ukuta wa habu na joto lote linabaki pale. Ndo ile stori ya Repack. Kwa matembezi ya tambarare habu haichemki kihivyo, ila kama mtaa wenu una mteremko mrefu jua kwamba breki moja ya nyuma si ya kutegemea peke yake, fungisha na ya mbele. Angalia kwanza foki (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) kama ina tundu la kufungia, zingine hazina, na hiki ni kitu cha kuuliza kabla ya kutoa hela.

Kuna kitu kingine kwenye hii breki ambacho kwenye kijitabu kimeandikwa kwa maandishi ya sisimizi. Upande wa kushoto wa habu kuna mkono wa chuma umelala sambamba na bomba la fremu, umefungwa kwa klipu na skrubu moja. Ule mkono ndo unaozuia ekseli isizunguke unapokanyaga breki. Klipu ikilegea au ikidondoka, ukikanyaga nyuma mkono unazunguka wenyewe na breki huna, na ekseli inaweza kujifungua pale ilipo. Yangu ilikuja klipu ipo ila nati ya skrubu imekaa uzi mmoja tu. Nimenunua nati yenye plastiki ndani ile isiyojifungua, nikaikaza, kila nikiweka upepo naigusa kwa kidole. Vilevile cheni, ikiruka huna breki! Kwahiyo cheni isining'inie, mchezo wa kama sentimita moja juu na chini katikati inatosha, ukizidisha inaruka na ukikaza sana inazungusha kwa shida na kuua beringi.

Hizi breki zina tabia ya kuzoea pia. Kwenye taa ukisimama pedeli ikabaki chini huwezi kuirudisha nyuma uiweke sawa, kila ukirudisha breki inashika, inabidi uinue gurudumu la nyuma kidogo uzungushe mbele. Wiki ya kwanza inakera, baadaye unajikuta unasimama na pedeli tayari iko juu bila kufikiria.

Matairi sasa, na hapa msomaji nakuomba usome taratibu manake ndo watu wanapigwa. Sio kila tairi iliyoandikwa 26 inaingia kwenye rimu ya 26. Ya kruza inaandikwa kwa nukta, 26 x 2.125, na ukitazama ubavuni kwa herufi ndogo utakuta 559, hiyo ni kipenyo cha rimu kwa milimita pale tairi inapokalia. Ile ya 26 x 1 3/8 ya baiskeli nyembamba za zamani ni 590. Na Schwinn za zamani zenye 26 x 1 3/4 ni 571. Zote zinaitwa 26, hakuna inayoingia kwa mwenzie. Ukiwa na rimu ya 559 uko salama manake ndo ileile ya baiskeli za mlimani za inchi 26 kwahiyo matairi yamejaa, ila ukikuta kruza kuukuu nzuuri inauzwa bei ya kutupa, kabla hujaifurahia chuchumaa usome ubavu wa tairi. Muuzaji akisema "hiyo ni 26 bwana, inaingia yoyote," cheka naye tu uendelee kusoma.

Upepo usijaze mpaka tairi iwe jiwe. Tairi ndo springi ya hii baiskeli, hakuna nyingine ukitoa kiti. Soma kiwango kilichoandikwa ubavuni, uzito wangu mi nakaa kwenye psi (kipimo cha presha ya upepo) 40 hivi kwenye lami, mzito zaidi aongeze. Na ule utamaduni wa kudhani kruza itapaa juu ya mchanga mkavu usahau, inazama tu kama baiskeli zingine, tairi ya 2.125 ni nyembamba kwa kazi hiyo. Mchanga ulioloa ukakazana karibu na maji, hapo sawa inateleza raha sana, lakini maji ya chumvi yanaingia kwenye habu na kwenye kranki (ile mikono inayoshika pedeli) na wewe ndo utakayelipa. Kama unataka mchanga laini kweli unatafuta baiskeli yenye foki na fremu pana za kumeza tairi ya inchi 4, hiyo ni mashine nyingine kabisa.

Kutu ndo adui. Kwenye kuchagua fremu watu wanaulizana chuma au aluminiamu, mi jibu langu linategemea inalala wapi. Chuma kinakaa laini, mshtuko kinaumeza, kikivunjika fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea anakishika, ila mbali na chumvi. Ikilala nje karibu na bahari chukua aluminiamu, ni nyepesi kidogo pia, ingawa kwenye kruza usitegemee wepesi, bado utabeba kilo 15 na zaidi ukipandisha ngazi. Yangu ni chuma. Nimepulizia mafuta ya kuzuia kutu ndani ya mabomba kupitia tundu la nguzo ya kiti nikaigeuzageuza. Ila watu wanakazania fremu wakati kinachooza kwanza ni spoki, cheni na rimu za chuma zilizopakwa kromu. Spoki za stenlesi na rimu ya aluminiamu, hivyo viwili ukivikuta vimeshafungwa lipa hiyo tofauti bila kubishana. Utavijuaje? Chukua kasumaku kadogo uende nako dukani, rimu ya aluminiamu hakashiki hata kidogo. Kwa spoki za stenlesi mara nyingi kanashika kwa unyonge sana au hakashiki. Muuzaji atakushangaa, mwache.

Cheni nilibadilisha nikaweka ile iliyopakwa dawa ya kuzuia kutu, size nene ya baiskeli za gia moja, inchi 1/8, nyembamba za gia nyingi haziingii kwenye haya meno. Ukitoka ufukweni mwagia maji baridi ya bomba, taratibu, usipige kwa presha, futa, weka mafuta kidogo ufute tena yaliyobaki nje, mafuta mengi yanakusanya mchanga tu.

Kranki ni ile ya kipande kimoja, chuma kimepinda kutoka mkono mmoja mpaka mwingine kinapita ndani ya bomba pana la fremu. Nzito, ya kizamani, haivunjiki. Mambo mawili tu ya kukumbuka: nati kubwa ya upande wa kushoto inafunguka kinyume, yaani ukiizungusha kama saa ndo inatoka, na pedeli zake zina uzi wa nusu inchi wakati pedeli nyingi za kisasa ni 9/16, kwahiyo ukienda kununua pedeli za mbao nzuri ulizoziona mahali taja uzi kabla ya rangi.

Ukaaji. Kampuni ya Electra ya California ndo iliyofanya watu wazoee pedeli zilizosogezwa mbele ya kiti, ili uweze kuweka miguu yote chini ukiwa umekaa na bado ukikanyaga mguu unanyooka vizuri. Ile inafanya kazi kweli, kwa mtu mwenye magoti mabovu au anayeogopa kuanguka ningemwambia aangalie umbo hilo kwanza kabla ya yote. Kruza ya kawaida kama hii yangu haina hiyo, ukishusha kiti mpaka miguu iguse chini basi magoti yanapanda mpaka kidevuni. Panda kiti, weka kisigino kwenye pedeli ya chini kabisa, mguu unyooke, hapo ndo urefu wake. Vidole vya mguu vitagusa chini kwa shida, inatosha.

Kiti chenyewe kipana na kwa matembezi ya nusu saa ni kochi, ukipita saa moja mapaja yanaanza kusuguana na zile kingo. Usukani mpana ni raha barabarani na ni adhabu kwenye mlango. Pima mlango wako kabla.

Kuunda mwenyewe au kununua iliyokamilika? Wengi wanauliza wakidhani kuunda ni rahisi mfukoni, sivyo, ukinunua kipande kimoja kimoja jumla inapita baiskeli nzima kirahisi sana. Kuunda kunalipa kama umepata fremu kuukuu nzima bila nyufa, au una vipuri vimelala. Fremu kuukuu angalia pale mabomba yanapokutana nyuma ya usukani, rangi ikiwa imekunjamana au imepasuka kwa mstari, chuma chini yake kimeshapinda, iache. Alafu pima upana wa nyuma pale habu inapokaa, za breki ya kukanyaga nyingi ni milimita 110, ukitaka kuweka habu ya gia tatu inataka kama 120, fremu ya chuma fundi anaipanua kidogo bila noma, ya aluminiamu usiguse. Pima na tundu la nguzo ya kiti, na shingo ya usukani pia pima kabla ya kununua, kuna fremu za zamani za Marekani zinataka shingo ya 21.1 wakati ya kawaida ni 22.2, tofauti ni milimita moja tu na inakugomea kabisa.

Mi ningefanya hivi: nunua iliyokamilika yenye rimu na spoki nzuri, foki yenye tundu la breki, kisha badilisha sproketi na cheni, fungua habu zote ujaze grisi, kaza kila nati. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Madigadi, kikapu na keria vitakuja baadaye, ila hakikisha matundu ya kufungia yapo. Ya kwangu nyuma yapo, mbele hayapo, kwahiyo madigadi ya mbele nimefunga kwa klempu na kila nikipita kwenye matuta inagonga tairi. Nyota nusu iliyobaki imeishia hapo.